Sumaku Kuukuu

Jumatano, tarehe ishirini na saba Mei. Manyunyu yalikatika kabla watu hawajaamka, yakaacha mawingu mazito yaliyokaa chini juu ya mapaa kama mgeni asiyetaka kuaga, na baridi ile inayoingia mifupani kimyakimya. Ua wa chuo ulijaa madimbwi. Profesa aliegesha gari nyuma ya jengo la Kemia, akazima injini, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

Ndivyo alivyofanya kila siku ya kazi. Kabla ya kupanda ngazi za kwenda maabara alisali palepale garini, maneno machache, bila kutoa sauti. Alimwomba Mungu ampe mikono isiyotetemeka, na macho ya kuona kilichopo badala ya kile anachokitamani. Ombi hilo la pili alikuwa amelirudia miaka mingi mno, hata likawa kama salamu ya mlangoni, linatoka mdomoni lenyewe bila kupitia moyoni. Asubuhi hiyo lilikatikia njiani. Akalianza upya, akalifikisha mwisho, kisha akashuka.

Alikuwa amechoka. Haukuwa ule uchovu wa kukosa usingizi, ambao mtu akilala huamka umekwisha. Huu ulijijenga mwaka baada ya mwaka, kama ukoko mweupe unavyojijenga ndani ya birika, na aliuhisi uzito wake kila alipoinua mguu kukanyaga ngazi. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. Alasiri ya siku hiyohiyo idara ilikuwa imemwandalia chai ya kumuaga, na mumewe alialikwa. Mumewe, mwalimu mstaafu wa jiografia, alishafunga vitabu na vyombo kwenye makatoni. Walikuwa wamejenga nje ya mji, nyumba ndogo yenye baraza pana inayotazama mashamba. Kila mwaka alimwambia mzee wake kwamba mwaka ujao watahamia, na kila mwaka jambo jingine lilizuka maabara. Mzee hakugomba. Alisema tu kwamba ahadi za mkewe ni kama upeo wa macho: ukiusogelea, nao unasogea.

Hakuzaliwa na vitabu mkononi. Ujanani alichapa barua katika ofisi ya stoo, akaolewa, akazaa, ndipo akaanza madarasa ya jioni, akiwa mkubwa kuliko hata mwalimu aliyemfundisha kemia. Alikuwa akisinzia darasani na kujifinya mapaja ili asianguke. Lakini siku mwalimu alipoeleza habari za vichocheo, usingizi ulimruka. Aliambiwa kwamba kuna kitu kidogo kinachoingia kati ya vitu viwili visivyotaka kuungana, kikaviunganisha, kisha kikajitoa kizima na kwenda kuunganisha vingine. Alirudi nyumbani akijisemea kwamba kumbe hicho ni mshenga. Miaka mingi baadaye, alipokuwa yeye ndiye mwalimu, aliufungua mhadhara wake wa kwanza kwa maneno hayohayo kila mwaka, hata wanafunzi wakampa jina la Mama Mshenga. Yeye alijifanya halijui.

Mshenga aliyemletea heshima alikuwa chuma. Dawa nyingi hutengenezwa kwa kuunganisha pete mbili za kaboni, na kwa kazi hiyo wakemia hutegemea paladiamu, metali adimu, ghali kama vito. Profesa alitaka kazi hiyo ifanywe na chuma, kitu kinachookotwa njiani, ili siku moja dawa ishuke bei na mgonjwa wa kawaida aipate. Alihangaika nacho miaka na mikaka. Kilimkatalia, kikamkatalia tena, mpaka asubuhi moja kikakubali. Akaandika makala. Makala ikasomwa mbali, ikamletea mialiko na vyeti vya ukutani, na ikamletea pia mwanafunzi wa uzamivu, mwanamke aliyeacha ualimu wa sekondari na kuwaacha wanawe wawili kwa dada yake, aje kukisomea chuma hicho.

Wenzake walimwita Dada Usafi. Alikuwa anaosha chupa mpaka zinalia kwa kidole, halafu anaziosha tena. Walimtania kwamba akikosa cha kuosha ataosha maji. Miaka yake ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwanzoni mwa mwaka huu mmenyuko ule wa chuma ukaanza kumgomea. Siku baada ya siku haukutoa zao, yaani kile kitu kipya kilichotarajiwa. Alikuwa anakuja ofisini na matokeo yake, uso umemshuka, na Profesa, mwenye vikao vya kukaa na barua za kujibu, alimwambia kwamba mkono wake ni mzito, hauwezi kazi ya maabara. Alimwambia zaidi ya mara moja. Siku moja alimwambia mbele ya wenzake, wakacheka, na yeye akacheka nao. Basi binti akaandika tasnifu yake kwa matokeo ya mwanzo, yale mazuri, na sasa ilikuwa imeshawafikia watahini. Alitakiwa kusimama kuitetea mwezi unaofuata.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kikombe. Jumapili jioni Profesa alikuwa anaosha vyombo. Kikombe cha mumewe kilikuwa na weusi wa chai ndani, alikisugua kwa sifongo, akakisugua kwa majivu, weusi haukutoka. Ulikuwa umeingia kwenye mipasuko midogo midogo ya udongo, ukawa sehemu ya kikombe. Akasimama pale, maji yakimtiririka mikononi, akikumbuka sumaku.

Katika kila chupa ya mmenyuko hutumbukizwa sumaku ndogo, kiasi cha kidonge kikubwa, iliyovikwa plastiki nyeupe. Chini ya chupa kuna mashine inayoizungusha, nayo inakoroga. Sumaku za maabara yake hazikuwa nyeupe tena. Zilikuwa za kijivu, zimekwaruzika, zimetumika tangu enzi zile yeye mwenyewe alipokuwa akifanya kazi kwa paladiamu. Maabara ile haikuwa na desturi ya kutupa kitu. Sumaku ilisa­fishwa, ikakaushwa, ikarudi kwenye bakuli lake. Kila aliyepita pale alitoa sumaku katika bakuli lile na kuirudisha katika bakuli lile. Kila mtu, isipokuwa Dada Usafi. Yeye, mwezi wa Januari, alishindwa kuvumilia ule ukijivu, akajinunulia pakiti ya sumaku mpya, na wenzake wakamcheka wiki nzima.

Jumatatu Profesa hakula. Jumanne mchana alipanga chupa tatu, zote zenye vitu vilevile viwili vya kuunganishwa, kwa mikono yake mwenyewe, akawaambia wanafunzi wasimsaidie, na alipokuwa anapima chumvi ya chuma alimwomba Mungu kwamba awe amekosea. Ya kwanza aliitilia chuma na sumaku kuukuu, kama makala ilivyoeleza. Ya pili aliitilia chuma na sumaku mpya. Ya tatu aliitilia sumaku kuukuu peke yake, bila chuma hata chembe. Akaziacha zipate moto na kuzunguka mpaka kesho yake.

Kwa hiyo Jumatano hii alipofungua mlango wa maabara alikuwa anajua anachokuja kutazama. Hapakuwa na mtu. Mashine zilikuwa zinavuma kwa sauti ileile ya siku zote. Alivaa koti, akavaa miwani, akachovya kijibomba chembamba cha kioo katika kila chupa na kudondoshea tone kwenye kibao chembamba chenye unga mweupe wa silika. Akakisimamisha kibao ndani ya gilasi yenye kiyeyusho kidogo, akangoja kiyeyusho kipande na kuvitenganisha vilivyomo katika kila tone. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kuliko alivyopika. Akakikausha, akakiweka chini ya taa ya urujuanimno.

Safu ya kwanza ilionyesha doa la zao, kubwa, zuri, mahali pake. Safu ya pili haikuonyesha zao lolote. Vitu viwili alivyovitia vilikuwa bado vimekaa kila kimoja upande wake, kama wachumba ambao hawajatambulishwa. Safu ya tatu, ile isiyo na chuma, ilikuwa na doa la zao sawasawa na la kwanza.

Alizima taa, akaiwasha tena. Doa lilikuwa palepale.

Alivuta kiti akakaa. Kumbe mshenga hakuwa chuma. Mshenga alikuwa paladiamu, vumbi lake lisiloonekana, lililozama katika plastiki ya sumaku miaka hiyo yote na kuvuja kidogo kidogo kila chupa ilipopata moto. Chuma alikuwa amekaa tu kwenye karamu ya watu, anakula na kupongezwa. Alimkumbuka mkemia mmoja wa nchi ya mbali aliyemwandikia kwa adabu kwamba amejaribu mmenyuko wake na haukukubali. Alimjibu kwamba ajaribu tena kwa uangalifu zaidi. Akainamisha kichwa mezani, juu ya mikono, na kwa muda hakusali wala hakufikiri. Alitaka kulala tu.

Alisikia mlango, kisha viatu vya mpira sakafuni. Dada Usafi alimwamkia, akaona taa inawaka, akakaribia. Alikitazama kibao bila kukigusa. Akauliza safu ipi ni ipi. Profesa akamwambia, moja, mbili, tatu, sauti yake ikiwa ya chini kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Binti hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikwenda kwenye bakuli la sumaku, akatoa moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kumbe mkono wangu haukuwa mzito," akasema.

"Haukuwa mzito, mwanangu."

"Mimi ndiye nilikuwa nafanya vizuri humu ndani. Peke yangu."

"Ndiyo."

"Na nilikuwa nalia chooni, Prof. Nafungulia bomba ili wasinisikie."

Profesa alisimama kutoka kitini. Aliomba msamaha, na msamaha wenyewe ulitoka mkavu, maana alikuwa hajazoea kuomba kwa mtu. Kwa Mungu alikuwa ameshazoea. Dada Usafi aliirudisha sumaku kwenye bakuli, akaenda kunawa mikono, akatoka nje bila kuaga.

Profesa akaenda kwa Mkuu wa Idara, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, mtu mpole mwenye mafua yasiyokwisha. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga chafya, akafunga mlango wa ofisi. Hakuyabisha matokeo. Alichosema ni kwamba mambo mengine yana wakati wake. Binti amebakiza mwezi mmoja tu. Watahini wameshaisoma tasnifu na wameipenda. Muda wake wa masomo unakwisha mwaka huu, na tasnifu ikiondolewa itabidi aanze upya, na kwa kuanza upya anahitaji msimamizi. Katika idara nzima hakuna mwingine anayejua kazi hiyo. Profesa akistaafu, binti atahesabiwa kuwa hana msimamizi, na asiye na msimamizi hufutwa. Kanuni hiyo aliitamka polepole, kama anayemwonea huruma mtu asiyekuwepo.

Profesa akauliza kama mstaafu hawezi kuongezewa muda. Mkuu akasema anaweza, kwa kujitolea, bila mshahara, lakini ndiyo kubeba kazi yote ileile, ngazi zilezile, vikao vilevile. Akamtazama usoni.

"Mama, umechoka. Kila mtu anaona. Tangu mwaka jana tunaona. Nenda kapumzike. Binti apate shahada yake, na hili la sumaku tutalirekebisha baadaye, taratibu, bila kelele. Nani anaumia?"

Neno lile, kapumzike, lilimshuka Profesa kifuani kama maji ya uvuguvugu. Alijua kwamba Mkuu hana ubaya. Alijua pia kwamba shauri lile linamfaa kila mtu chumbani, na hasa yeye. Angeenda kwenye baraza yake. Vyeti vingebaki ukutani. Siku moja mtu mwingine angegundua, na wakati huo yeye angekuwa bibi kizee anayemwagilia maua, asiyeulizwa kitu. Alisimama, akashukuru, akasema atafikiri.

Alimkuta Dada Usafi ameketi kwenye ngazi za nyuma, pale wanapovutia sigara wale wanaovuta. Hakuwa analia. Alikuwa anakula biskuti moja moja kutoka kwenye pakiti, kama mtu aliyekumbuka kwamba hajala tangu jana. Profesa, pamoja na umri wake na nyonga zake, alikaa naye ngazini. Akamweleza yote aliyoambiwa na Mkuu, bila kuficha lile la kunyamaza. Kisha akamwuliza anataka nini, kwa sababu tasnifu ni yake na jina ni lake.

Binti alitafuna mpaka akamaliza. Akasema kwamba alikuwa ameshapiga hesabu hiyohiyo peke yake. Profesa akinyamaza, yeye atasimama mbele ya watahini akitetea kitu anachojua si kweli, na akipita, ataitwa daktari kwa kitu hicho mpaka kufa kwake. Hilo haliwezi. Alipokuwa mwalimu wa sekondari aliwafukuza watoto mtihanini kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini Profesa akisema kisha akaenda zake kwenye nyumba yake mpya, basi yeye atakuwa ameuawa na ukweli wa mtu mwingine. Atarudi kwa dada yake kuchukua watoto, mikono mitupu, akaeleze nini?

"Sitakuacha," Profesa akasema. "Nitakusaidia."

Dada Usafi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Prof, naomba nisikukosee adabu. Ahadi za ngazini nimeshazizoea. Hapahapa uliniambia utanipeleka kwenye ule mkutano. Ukaenda peke yako. Hapahapa uliniambia utaniombea likizo nikamwone mwanangu alipolazwa. Ukasahau."

"Nilisahau."

"Najua ulisahau. Sisemi ulikusudia. Una mambo mengi. Ila mtu akisema kitu ngazini, hata akisahau, hakuna anayemwuliza." Alikunja pakiti ya biskuti, akaikunja tena mpaka ikawa kimraba kidogo. "Kama utabaki, sema mbele ya watu. Leo wote watakuwepo. Kama hutabaki pia sema, nijue moja. Mimi nitaelewa, Prof. Wewe ni mtu mzima, umechoka. Ila usiseme tu 'nitakusaidia'."

Akanyanyuka, akapanguza sketi, akamnyooshea Profesa mkono ili amwinue. Profesa aliushika. Ulikuwa mkono mwepesi, mkavu kwa sabuni nyingi.

Mzee alifika mapema kuliko wageni wengine, kama kawaida yake, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa amekuja kwa basi kwa sababu gari lilikuwa kwa mkewe, na safari ilimtesa magoti. Profesa alimkaribisha kwenye ukuta mfupi ulio mbele ya jengo, wakakaa. Mawingu hayakuwa yamepanda hata kidogo. Akamsimulia habari ya chupa tatu kwa maneno ambayo mwalimu wa jiografia angeyaelewa, na Mzee aliyaelewa upesi; miaka yote hiyo ya kula chakula cha jioni na kemia mezani haikupotea bure. Kisha akamwambia alichoombwa na binti.

Mzee alikaa akisugua goti la kulia. Akauliza ni muda gani. Mkewe akasema mwaka, labda zaidi, hajui. Kazi mpya lazima ianzie kwenye sumaku zenyewe, kupima paladiamu iliyomo na kujifunza namna inavyotoka, na hapo ndipo binti atapata tasnifu ya kweli.

"Baraza itatungoja," akamwambia, kwa kuwa hakupata jingine.

"Baraza haina magoti," Mzee akajibu. "Mimi ndiye ninayo."

Halikuwa tusi, wala hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anavyotaja kimo cha mlima. Na kwa sababu lilikuwa kweli, lilimchoma mkewe kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo. Alijaribu kumshika mkono, Mzee akamwachia aushike, lakini hakuubana. Wakakaa hivyo mpaka watu wakaanza kupita wakiwasalimu kwa bashasha, wengine wakimwita Mzee shemeji na kumwuliza lini watakaribishwa shambani. Aliwajibu wote kwamba wamwulize mwenye nyumba. Kisha akamwambia mkewe waende ndani, chai isije ikapoa.

Ukumbi wa mihadhara ulikuwa umepambwa kwa karatasi za rangi. Kulikuwa na keki, na chai katika chupa kubwa, na wanafunzi waliokaa nyuma ili wawe karibu na keki. Katikati ya jukwaa palikuwa na zawadi, imefunikwa shuka jeupe. Mkuu wa Idara alisema maneno mazuri na kupiga chafya mahali pabaya, watu wakacheka. Mafundi wa maabara walisema. Mwanafunzi mmoja alimwigiza Mama Mshenga anavyotembea, amebeba miwani kichwani na huku anaitafuta miwani, na ukumbi ukalipuka. Profesa naye alicheka. Alishangaa kwamba bado anaweza. Kisha Mkuu akaivua zawadi shuka lake, kikaonekana kiti cha kuegemea, cha mbao, chenye mto, cha kuweka barazani. Watu wakapiga makofi, wakamtaka asimame aseme neno.

Alisimama. Alitafuta kwa macho, akamwona Dada Usafi amesimama karibu na mlango, mikono ameifumbata, hana kikombe. Moyoni Profesa alianza ombi lake la asubuhi, na safari hii hakuwa na haja ya kulisukuma.

Aliwashukuru. Kisha akawaambia kwamba kwa miaka mingi aliwafundisha kuwa chuma ni mshenga, na leo asubuhi amegundua kwamba hakuwa mshenga, alikuwa mgeni mwalikwa. Wachache walicheka, wakidhani ni mzaha wa kuaga. Akaendelea. Akawaeleza chupa ya kwanza, ya pili, na ya tatu, bila haraka, kama anavyofundisha. Alipofika ya tatu, wanafunzi wake wa uzamili waliokuwa nyuma waliacha kutafuna. Mtu alitua kikombe kwenye kisahani, na sauti ile ndogo ikasikika ukumbi mzima. Mkuu wa Idara alikuwa anatazama viatu vyake. Profesa akasema kwamba katika maabara yake palikuwa na mtu mmoja tu aliyefanya kazi safi, na mtu huyo aliambiwa na yeye, mbele ya wenzake, kwamba ana mkono mzito. Akasema maneno hayo yalikuwa uongo, na aliyeyasema anayaondoa hapa mbele ya walewale waliocheka.

Lililobaki ndilo zito, na miguu ilikuwa inamuuma. Alimtazama mumewe aliyekuwa mstari wa mbele. Mzee naye alikuwa anamtazama, uso umetulia, haumwombi wala haumkatazi. Baadhi ya watu wakaanza kujikohoza. Ndipo Mzee akanyanyuka, polepole, kwa kushikilia kiti cha mbele. Alikwenda jukwaani, akaivuta ile zawadi kidogo upande, akakaa juu yake, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, na kupachika mikono tumboni kama msafiri aliyeambiwa basi litachelewa. Wanafunzi walitaka kucheka, wakaona macho ya Mama Mshenga yamejaa, wakaacha.

Profesa aligeukia mlangoni.

"Binti yangu, sogea hapa watu wakuone," akasema, na Dada Usafi akasogea mpaka katikati ya ukumbi. "Na ninyi wote sikilizeni, kwa sababu mimi ni msahaulifu na mtaniuliza. Kesho nitawaandikia wahariri wa jarida makala yangu iondolewe. Kesho hiyohiyo nitamwandikia yule niliyemwambia ajaribu kwa uangalifu zaidi. Mkuu, barua ya kuomba kubaki bila mshahara utaipata mezani kwako kabla ya saa nne. Na kwako wewe, mwanangu, naahidi mbele za Mungu, mbele ya mume wangu ambaye deni la mapumziko yake nimelirefusha tena, na mbele ya hawa wote: siondoki katika maabara ile mpaka siku utakaposimama mbele ya watahini na kazi ambayo ni kweli. Nikichoka nitakaa, halafu nitanyanyuka. Nikisahau, yeyote kati yenu anikumbushe, popote atakaponiona, hata kama ni ngazini."